Wiki ya kutafuta mtaa Amu

Jumamosi: Tanga hadi Mombasa

Mume wangu amepata mkataba wa kazi kwenye bandari mpya ya Lamu, ile ya Magogoni iliyozinduliwa Mei 2021. Yeye anatakiwa kazini Septemba, sisi tutamfuata Januari. Januari ina sababu yake: shule za Kenya na za kwetu zote huanza mwaka mpya mwezi huo, kwa hiyo watoto hawataingia darasani wenzao wakiwa wameshafika mbali. Kilichobaki ni mtaa wa kuishi, kama ni Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe kisiwani, au ng'ambo yake. Madalali wametuma picha za sebule na vitanda mpaka simu imejaa, lakini hakuna hata mmoja aliyetuma picha ya njia ya kutoka mlangoni hadi shule.

Ndiyo maana nimesafiri mwezi huu wa Juni. Shule zetu zimefungwa, za Kenya ziko muhula wa pili, kwa hiyo nitaziona zikiwa na watoto ndani. Nimekuja na mwanangu wa kwanza, wa darasa la tano. Mdogo wake wa miaka sita amebaki Tanga, Ngamiani, kwa bibi yake, akilia kwa zamu: asubuhi ananitaka mimi, jioni anamtaka kaka yake.

Mpakani Horohoro hatukukaa sana. Ofisa alimtazama mtoto, akaniuliza baba yake yuko wapi. Nikatoa barua ya baba mtu, cheti cha kuzaliwa na pasi zetu, akagonga muhuri. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, na hapo ndipo wengi husahau kuwa muhuri wa matembezi si ruhusa ya kuhamia. Mtoto akianza shule anahitaji pasi ya mwanafunzi kutoka Uhamiaji, na sisi wengine tutategemea kibali cha kazi cha baba. Hayo mume wangu ameanza kuyafuatilia na mwajiri wake.

Likoni tukavuka kwa feri, tukalala Majengo kwa binamu yangu. Nikasajili laini ya simu kwa pasi, maana bila M-Pesa upande huu hununui hata muhogo.

Jumapili: barabara ya Lamu

Basi liliondoka alfajiri. Kilifi, Malindi, kisha nchi inafunguka, Mto Tana, Witu, Hindi. Kwenye vizuizi vya polisi abiria wote hushuka, wanapanga mstari na vitambulisho mkononi. Wenzangu walikuwa na kadi, mimi na pasi mbili na mtoto mwenye usingizi, kwa hiyo foleni iliyokuwa nyuma yangu ilipata muda wa kunifahamu vizuri.

Shangazi zangu wa Tanga wote wameniuliza habari za usalama, na siwezi kuwaambia ni maneno tu. Juni 2014 Mpeketoni, huku huku bara ya Lamu, waliuawa watu zaidi ya 60, na barabara hii imeshambuliwa mara kadhaa baada ya hapo. Lami sasa ipo na polisi wapo. Lakini mtu anayechagua kati ya kisiwani na bara kwa ajili ya watoto hulitia hilo kwenye mizani, apende asipende.

Mokowe barabara inaishia gatini. Tukapewa maboya, tukaingia boti, na upepo wa kusi ukaturushia maji mpaka tukafika Amu tumelowa mabega. Mwanangu alifurahi. Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine: baba yake atavuka maji haya asubuhi na jioni kila siku ya kazi.

Mwenyeji wetu anakaa Langoni, ni shangazi wa rafiki wa mume wangu. Tumefika giza limeingia. Ametupa ugali, samaki wa kupaka na mchuzi wa ukwaju, halafu akamwambia mtoto, "Hupotei mui huu. Kila ndia hushuka pwani." Mui ni mji, ndia ni njia, kwa Kiamu.

Jumatatu: Mkomani na nyumba ya birika

Kabla ya jua kuwaka nilisimama mlangoni nikatazama watoto wakienda shule. Ndivyo nilivyopanga kuupima kila mtaa: saa za mtoto. Asubuhi anatoka saa ngapi, anapita wapi, nani anamwona. Mchana anarudi vipi. Alasiri chuoni kusoma Kurani, magharibi nyumbani. Usiku akishikwa na homa, tunapita wapi kwenda hospitali.

Langoni watoto walipita kwa makundi, wakubwa wamewashika mkono wadogo. Punda wawili wenye mizigo ya mchanga walipokuja, kundi zima lilijibandika ukutani bila mtu kuambiwa. Vichochoro vya hapa ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo na mtu mnene hawapishani. Magari hayapo, na mama aliyezoea kuvusha watoto barabara kuu ya Tanga anashusha pumzi. Ila mifereji ya maji machafu iko wazi kandokando ya njia, na mpira wa watoto huingia humo, nao huutoa kwa mkono.

Dalali alinichukua Mkomani, upande wa kaskazini wa ngome, penye nyumba kongwe za mawe. Nyumba aliyonionyesha ni ya kuimbiwa. Daka la mlangoni lenye mabaraza pande mbili, kiwanda, yaani ua wa ndani, chenye mwanga, msana, ile sebule ndefu, wenye zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani, na wikio linalovuka juu ya kichochoro kuungana na nyumba ya ng'ambo. Unesco iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na ukisimama ndani ya msana ule huhitaji kuelezwa kwa nini.

Mimi nilikuwa naangalia birika la maji. Limejengwa kwa mawe pembeni ya chumba cha kuogea, kina chake kinazidi kiuno cha mtu mzima, na ndani wanazunguka visamaki vidogo wanaofugwa wale mabuu ya mbu. Akili ya wazee hiyo, wala sina la kuikosoa. Lakini ukingo unafika kifuani kwa binti yangu, naye hajapata kuona samaki asiwe na hamu ya kumgusa. Ngazi nazo ni za mawe, vipandio virefu, hakuna pa kushika, na juu darini ukuta wa pembeni unanifika magotini.

Hayo yote yangerekebishika. Kilichoniondoa Mkomani ni makufuli. Kwenye kichochoro kile nilipita milango mizuri ya kuchongwa, mmoja baada ya mwingine, imefungwa. Dalali akanieleza kwa fahari: huyu Mfaransa, huyu Mwitaliano, huyu huja Desemba tu. Nyumba zimekarabatiwa vizuri kuliko zilivyowahi kuwa, na watu hawamo. Mtoto akianguka pale saa nane mchana atasikiwa na paka. Ziko njia nyingine za Mkomani zenye wenyewe wa tangu na tangu, na hizo ningezitaka, lakini huko nyumba za kupangisha ni za kungojea mtu ahame.

Alasiri mwenyeji wetu akampeleka mwanangu chuoni, si mbali na Msikiti wa Riyadha. Nikafuata nyuma nikakaa barazani. Mwalimu akamuuliza amefikia wapi. Akasema juzuu ya ishirini na tisa, anaanza Al-Qalam. Mwalimu akamwambia asome. Akasoma, sauti inatetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Mwalimu akamrekebisha madi mbili, yaani mivuto ya sauti, akanyoosha kidole kwenye mkeka kati ya wavulana wa rika lake, akaendelea na mwingine. Basi. Hakuna fomu, hakuna mtihani, hakuna kurudishwa nyuma. Riyadha imepokea wanafunzi kutoka Ngazija mpaka kwetu tangu enzi za mwasisi wake, Habib Swaleh, kwa hiyo mtoto wa Tanga pale si habari. Ilipofika magharibi walishampa jina, Mtanga.

Jumanne: shuleni

Shule ya kwanza, ya binafsi, iliniambia nafasi ipo kabla sijamaliza kutaja umri wa mtoto. Nikashukuru, nikaaga.

Ya pili ni ya serikali. Mwalimu mkuu alitukaribisha, akataka kuona ripoti, akauliza kama tutakuja na barua ya uhamisho. Kisha akampa mwanangu karatasi ya hisabati ya Gredi ya 5 na penseli. Kugawanya, sehemu, desimali: alizipita haraka, nikaanza kujivuna kimoyomoyo. Akafika kwenye swali la maelezo, la mtu anayezungushia shamba lake ua. Nilimwona akilifuata kwa kidole hadi mwisho wa mstari, akarudi mwanzo, akalifuata tena, kisha akageuza ukurasa. Yaliyofuata yalikuwa hivyo hivyo.

Mwalimu mkuu akaichukua karatasi, akamsomea swali lile kwa Kiswahili. Mtoto akajibu bila kuandika kitu.

"Hesabu anayo," mwalimu akaniambia. "Kiingereza ndicho kitamkwamisha."

Huku kuanzia Gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na dini. Mwanangu amesoma shule yetu ya serikali, kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo kama jiografia. Januari kwa umri na darasa angestahili Gredi ya 6, na mwisho wa gredi hiyo kuna mtihani wa KPSEA kabla ya kuingia sekondari ya chini, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Mwalimu anashauri aanze Gredi ya 5. Mwaka mmoja wa kuizoea lugha, halafu mtihani. Kwa binti wa miaka sita hana wasiwasi: Gredi ya 1 ndiyo kila mtu anaanza, na wadogo huelezwa mengi kwa Kiswahili.

Tulipotoka mwanangu hakusema neno mpaka tumefika pwani. "Kwa hiyo narudia darasa." Nikamwambia ndiyo, kwa jambo moja. Akauliza kama wenzake wa chuoni watajua. Nikamwambia watajua, kwa sababu nusu yao wanasoma shule ileile. Hilo halikumfurahisha, lakini alasiri aliwahi chuoni kabla ya adhana.

Wazazi wanaohamia Kenya kutoka kwetu huulizana juu ya ada na sare. Mimi ningeanza na hili la lugha, na ningelianza miezi sita kabla. Mwanangu atakuwa na mwalimu wa jioni wa Kiingereza Tanga kuanzia Julai, hata kama itabidi niuze kitu.

Jumatano: Shela

Ukitaka kwenda Shela kwa miguu unafuata pwani kusini kama kilomita 3, ila maji yakijaa njia inamezwa, unangoja au unapanda boti. Tulienda maji yakiwa yametoka. Mwanangu alikimbia kwenye matuta ya mchanga mpaka akalala chini. Matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji ya mvua yanayotoka kwenye visima vinavyonywesha Amu, kwa hiyo ni mandhari yenye kazi.

Kuishi Shela lilikuwa wazo la mume wangu, baada ya kuona picha. Nyumba mbili tulizoulizia, bei ilitajwa kwa dola. Mwenye ya tatu alikuwa muungwana, akasema ukweli: Agosti na Desemba hupangisha kwa watalii kwa usiku, kwa hiyo sisi tungetoka halafu turudi. Nikamuuliza tutoke twende wapi na watoto wawili. Akacheka, nikacheka, tukanywa juisi ya ndimu tukarudi.

Alhamisi: Mokowe

Hapa nilikuja nikijua nitashawishika, maana hoja zote za akili ziko upande wa Mokowe. Makao ya serikali ya kaunti yako hapa. Barabara iko hapa. Bandarini ni safari ya gari tu, hakuna boti, hakuna kusi, hakuna kungoja nahodha amalize chai. Baba angekuwa nyumbani kabla ya magharibi kila siku, na kwa familia iliyokatwa na ndugu zake wote hilo si jambo dogo. Nyumba ni za tofali, mpya, zina uwanja, kodi ni nafuu kuliko Amu, na wenye nyumba wamezoea wafanyakazi wa kuhamia: unalipa mwezi kwa mwezi na amana ya mwezi mmoja. Sisi tuliozoea kudaiwa miezi sita au mwaka mzima mbele, tunasikia raha.

Tukaipima kwa saa za mtoto. Tulishuka gatini, tukaenda kwa miguu kutoka nyumba ya kwanza hadi shule iliyo karibu, na ilibidi tutembee kandokando ya lami, malori ya bandari yakipita kwa kasi na hakuna njia ya waenda kwa miguu. Mwanangu angeweza. Binti yangu singemruhusu. Nyumba ya pili iko ndani zaidi, njia ya mchanga, tulivu, nzuri. Nikauliza jirani ni nani. Upande mmoja vijana watatu wanaofanya kazi kwa zamu, upande mwingine mtumishi wa kaunti ambaye familia yake iko Nairobi. Watu wema, walitusalimia vizuri. Lakini mchana kutwa mtaa ule hauna mtu.

Chuo nacho kipo, umbali wa bodaboda.

Nilisimama pale uwanjani nikamwuliza mwanangu anapaonaje. Akasema pazuri, kuna nafasi ya mpira. Kisha akauliza atacheza na nani.

Ijumaa: pembezoni

Asubuhi nilipita Gardeni na Kashmiri, nyuma ya mji wa mawe, ambako mji umepanuka kwa nyumba za tofali na mabati. Kodi iko chini, watoto wamejaa, majirani tele. Bodaboda nazo zimeshika njia za huko, na maji ya kununua kwa mitungi yatakuwa kazi ya kila siku. Nisingekataa mtu akiniambia anahamia huko. Mimi nilitaka karibu zaidi na hospitali ya King Fahd, ambayo iko upande wa kusini, kwa sababu binti yangu ana kifua, na kifua huamka saa tisa za usiku.

Baada ya swala ya Ijumaa mwenyeji wetu alikaa barazani na wenzake. Nikawaeleza ninachotafuta. Hawakuniuliza vyumba vingapi. Waliniuliza watoto wangu wa kike au wa kiume, wana umri gani, na mimi ni wa ukoo gani Tanga. Hili la mwisho lilichukua muda, mpaka akapatikana mtu wa Pangani aliyeoa huko Faza, kisiwani Pate, akawa ndugu yangu papo hapo. Kabla ya alasiri nyumba ilikuwa imepatikana, vichochoro viwili nyuma ya chuo, na dalali wangu hakuwa na habari nayo.

Jumamosi: nyumba

Si ya kuimbiwa. Ghorofa ya chini ya nyumba ya mawe iliyokatwa vipande na warithi, vyumba viwili, jiko jembamba, kiwanda tunachogawana na bibi mwenye nyumba na wajukuu wake wanne. Mfereji unapita mbele ya mlango. Birika lipo, dogo, bila samaki wala kifuniko. Chokaa inabanduka kwa unyevu.

Nilimwambia mwanangu atoke hapo aende shule, arudi, kisha aende chuoni, arudi, bila mimi. Nikabaki barazani na bibi. Aliporudi mara ya kwanza alikuwa na wavulana wawili. Mara ya pili alichelewa, na kabla sijainuka bibi akaniambia kasimama kwa muuza mabuyu, jirani kashapiga simu. Pale pale nilimaliza kufikiri.

Mume wangu nilimpigia jioni. Alinyamaza, halafu akaanza kuhesabu boti: nauli, upepo, zamu za usiku ambazo boti huwa chache na ghali. Yote kweli. Nikamwambia Mokowe angerudi mapema kwenye nyumba ambayo watoto wamekuwa peke yao tangu saa saba. Akasema hiyo si haki, nikasema najua. Tumekubaliana hivi: Septemba hadi Desemba apange chumba Mokowe na wenzake wa kazi, avuke kuja Amu siku za mapumziko ajue mwenyewe safari inavyomchosha. Tukishahamia Januari, siku za zamu ya usiku atalala kule. Gharama ya chumba hicho itatoka kwenye tofauti ya kodi kati ya hapa na Shela, na bado itabaki ya kununulia samaki.

Kodi itaanza Desemba, mpangaji wa sasa akitoka. Amana nimelipa leo, na mjukuu mkubwa wa bibi ameandika risiti kwenye daftari la shule: vyumba viwili, amana ya mwezi mmoja, mwenye nyumba atatengeneza kifuniko cha mbao cha birika kabla mpangaji hajaingia. Nimemwomba aongeze na kipande cha zege juu ya mfereji, hapo mlangoni. Bibi amesema hilo si lake, ni la kaunti. Tumeandika nusu kwa nusu.